Hitilafu inavyosambaa kwenye gridi, na pa kuizuia

Laini ya msongo mkubwa ikijikata, umeme uliokuwa ukipita humo unahamia papo hapo kwenye laini zilizobaki. Haugawanyiki sawa kwa sawa: yenye impidansi ndogo, yaani isiyoupinga sana umeme kupita, ndiyo inayobebeshwa zaidi. Chukua laini tatu zinazofanana, kila moja ina uwezo wa megawati 100 na imebeba 70. Mitambo imetulia, king'ora hakijalia. Ikitoka moja, zile mbili zinabeba 105 kila moja. Taa bado zinawaka, lakini hitilafu imeshaanza safari. Kwa hiyo laini hizo tatu zisibebeshwe zaidi ya megawati 200 kwa jumla, na hesabu hiyo irudiwe kila laini au transfoma inapotolewa kwa matengenezo, maana hesabu ya jana haifai tena.

Waya uliozidiwa haufi hapo hapo. Unapata joto, unarefuka, unalegea na kusogea chini kuelekea miti. Safari hiyo huchukua dakika kadhaa, na hizo ndizo dakika za thamani kuliko zote. Tarehe 28 Septemba 2003, saa 9:01 usiku, laini ya Lukmanier nchini Uswisi, iliyokuwa ikipeleka umeme kuelekea Italia, ilipiga mti ikatoka. Kuirudisha kulishindikana: pembe ya volteji kati ya ncha zake mbili ilikuwa imefika nyuzi 42, na kifaa cha ulinganishaji, kinachozuia kuunganisha ncha zilizopishana mno, kikakataa, ambavyo ndivyo kinavyotakiwa kufanya. Laini jirani ya San Bernardino ilikuwa imezidiwa, na ingeweza kuvumilia dakika 15 hivi. Saa 9:11 simu ikapigwa kuomba Italia ipunguze megawati 300. Zilipunguzwa dakika kumi baadaye na hazikutosha. Saa 9:25 laini ya pili nayo ikatoka, zilizobaki zikafuata ndani ya sekunde chache, na Italia yote isipokuwa Sardinia ikaingia gizani.

Ukiwa zamu, basi, usianze kuhangaika na laini iliyotoka. Angalia kwanza ipi imezidiwa sasa, kwa asilimia ngapi, na ina dakika ngapi. Kisha ongeza uzalishaji upande unaopokea na punguza upande unaotuma. Mashine zikiwa za kupanda polepole, kata mzigo upande unaopokea bila kusubiri. Unapopiga simu taja vitu vitatu: megawati, muda wa mwisho, na laini itakayoanguka. "Tunaomba mpunguze kidogo" ni maneno yasiyobeba uzito wowote.

Rilei za umbali, vifaa vinavyokadiria shoti iko umbali gani na kuikata laini, nazo zinastahili jicho kali. Rilei ya aina hii hugawanya volteji kwa mkondo. Volteji ikishuka huku mkondo ukipanda, jibu linakuwa dogo, na rilei inaamini kuna shoti mbali kidogo. Rilei hulinda laini kwa kanda, yaani vipande vya umbali; kanda ya tatu, inayofika mbali kuliko zote, ndiyo hudanganyika kwanza. Ndivyo laini ya kilovolti 345 ya Sammis–Star ilivyokatwa Ohio tarehe 14 Agosti 2003 bila shoti yoyote, na baada ya dakika chache watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada hawakuwa na umeme. Jaribu mpangilio wako hivi: mkondo asilimia 150 ya uwezo wa laini, volteji asilimia 85, pembe kati ya volteji na mkondo nyuzi 30. Rilei ikikata hapo, fupisha kanda.

Volteji ikiporomoka, usizitegemee kapasita, vifaa vya kuinua volteji, peke yake. Nguvu yake hufuata mraba wa volteji: kwenye asilimia 90 ya volteji inakupa asilimia 81 tu, yaani inapungua pale unapoihitaji zaidi. Zuia pia tepu za otomatiki za transfoma, zinazorekebisha volteji zenyewe, zisisogee, la sivyo zitapandisha volteji ya wateja kwa kunyonya mkondo zaidi kutoka laini za msongo mkubwa.

Masafa, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde (hertzi), hayana hata dakika. Gridi yenye mashine za megawati 2,000, zenye nishati ya mzunguko ya kutosha sekunde 4 za uzalishaji kamili, ikipoteza uzalishaji wa megawati 200 masafa yake yanaanza kushuka kwa hertzi 0.6 hivi kila sekunde. Kutoka 50 hadi 49 ni sekunde moja na nusu na kidogo. Hakuna mkono wa binadamu unaowahi hapo. Kazi hiyo ni ya rilei za masafa zinazokata fida, yaani laini zinazopeleka umeme kwa wateja, kwa hatua, na kosa linalosahaulika sana ni kuchagua fida zenye paneli nyingi za sola. Saa za jua kali fida kama hiyo inaweza kuwa inarudisha umeme kwenye gridi, na ukiikata unaongeza upungufu. Pima kila fida iliyo kwenye orodha saa sita mchana, si jioni tu, na inayorudisha umeme iondoe au iwekee rilei inayotazama mwelekeo.