Gauti: kipimo cha siku ya maumivu kilinidanganya

Juzi msomaji wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nyama choma nimeiacha mwezi wa pili huu, dole gumba limevimba tena. Nimekosea wapi?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Huyo ni mimi wa 2019.

Yangu ilianza saa nane usiku, Sinza, siku mbili baada ya harusi ambayo bia na kitimoto havikuhesabiwa. Shuka likigusa kidole, nalia kama mtoto. Mama mkwe akasema nimekanyaga kitu. Mimi nikasingizia mpira wa Jumapili. Asubuhi nikachechemea hadi zahanati fulani, yuriki, ile asidi ya kwenye damu ambayo ikizidi huganda kwenye viungo na kuleta uvimbe wa gauti, ikapimwa, ikatoka ya kawaida, nikaambiwa si gauti. Nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, na tangu hapo nikawa nainunua mwenyewe dukani kila kidole kilipoamka. Miaka miwili! Nikikumbuka, hasira hunipanda hadi leo. Hakuna aliyeniambia kwamba siku ya maumivu yuriki kwenye damu inaweza kushuka ikaonekana nzuri, huku fuwele zake, chembe ngumu zenye ncha kama sindano, zimejaa kwenye kiungo. Wala kwamba diklofenaki ya kila mara huumiza figo, nazo figo ndizo za kuitoa hiyo yuriki.

Daktari wa pili alinipima tena wiki tatu baada ya uvimbe kuisha: yuriki miligramu 9.4 kwa desilita ya damu. Yeye alitaka chini ya 6. Akaanza na alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, miligramu 100, akapandisha taratibu. Miezi ya kwanza kidole kiliuma upya, nusura nitupe vidonge. Kumbe fuwele zikianza kuyeyuka huchokoza.

Kwa hiyo ndugu yangu, nyama peke yake haitoshi. Bia, maini, dagaa na soda punguza, maharage kula bila hofu, maji kunywa. Kapime upya ukiwa mzima. Ukiandikiwa dawa, usiiache eti kwa sababu maumivu yamekwisha; wanaume wa Dar tunapenda sana kuponea dukani. Maji, nimesema? Kunywa. Na kiungo kikivimba pamoja na homa kali, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda ni usaha.

Ila nami si malaika. Mwaka jana goti la mama lilivimba, nikamgawia vidonge vyangu. Kumbe zake ni fuwele za kalsiamu, alopurinoli haizigusi kabisa. Sasa mbele ya wageni ananiita daktari.