Kabla ya kushangilia mradi wa mfadhili, tafuta kasma

Mdogo wangu unayeanza kazi halmashauri hapa kusini, ipo siku utakaa meza moja na mfadhili. Lindi na Mtwara tumewazoea. Ufini ilikuja na miradi ya maji miaka ya 1970, ikafuata RIPS, mpango wake wa maendeleo vijijini, kuanzia 1988 hadi 2005, na wengine baada ya hapo. Nimekaa idara ya mipango muda wa kutosha kuona miradi ikizaliwa na mingine ikifa, na neno langu kwako ni moja: tafuta kasma, yaani mstari wa matumizi uliotengewa fedha kwenye bajeti, mapema.

Makubaliano husainiwa huko juu, na ndani yake huwa imeandikwa kwamba serikali itachangia. Mchango huo usipokuwa na kasma kwenye bajeti ya halmashauri, haupo. Mwaka wetu wa fedha unaanza 1 Julai, wa mfadhili huenda unaanza Januari. Mradi ukitua Machi, mapendekezo ya bajeti yameshapita Baraza la Madiwani, na kuingiza hata mafuta ya pikipiki ya afisa ugani kunakuwa kazi kubwa.

Kuna kijiji kilichimbiwa kisima, kikawekewa pampu ya sola, wakafungua kwa ngoma. Mfadhili alipoondoka, pampu ikaungua. Mhazini wa kamati ya maji alituletea daftari lake, risiti zimebanwa kwa pini, kila ndoo imeandikwa. Waliweka akiba kwa uaminifu, ila ilitosha kumlipa mlinzi tu. Mweka hazina wa halmashauri akafungua kitabu cha bajeti, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, hakuna fungu la matengenezo. Kina mama wakarudi kwenye lambo. Iliniuma sana, kwa sababu wanakijiji walikuwa wametimiza sehemu yao.

Siku hizi maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, tangu 2019, kwa hiyo ujue ni ofisi ipi unayoiuliza. Swali halijabadilika: baada ya mfadhili, nani analipa, na kutoka fungu lipi?

Halafu usiahidi mchango kwa kutazama mwaka mzuri wa korosho. Newala na Tandahimba mapato ya ndani yanategemea sana ushuru wa zao hilo, na bei ikishuka mnadani ahadi zote zinayumba. Na mkutano mkuu wa kijiji usiuitishe msimu wa mavuno, watu wako mikoroshoni. Utapata mahudhurio ya wazee wachache, na mfadhili ataandika kwamba wananchi wameridhia.

Mwongozo wa bajeti ukitoka, hapo ndipo pa kumwita mfadhili akae na timu ya menejimenti, aseme wazi anaacha gharama gani. Kisha omba rasimu ya bajeti uisome mwenyewe kabla haijafika kwa madiwani, maana nimeona kasma ikikatwa usiku wa mwisho ili hesabu zilingane.