Jibu: Nimpeleke mzee kuwaona Rolling Stones, tiketi ya kusimama au ya kiti?

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, uko Uingereza, mzee wako ana miaka 68, hujui umkatie ya kusimama au ya kiti, tena unahofia shoo isije ikaahirishwa dakika za mwisho.

Anza na hiyo hofu. Hii bendi ya roki ya Uingereza ni ya watu wazima: mwimbaji Mick Jagger na mpiga gitaa Keith Richards wote wamezaliwa 1943. Juni 2022 kule Amsterdam watu walishaingia uwanjani ndipo ikatangazwa kuwa Jagger ana korona. Shoo ikasogezwa hadi Julai 7. Tiketi hazikupotea, ila nauli na hoteli hakuna anayekurudishia. Kwa hiyo chukua chumba unachoweza kukifuta bila kukatwa hela.

Mimi mwaka huohuo nilimpeleka mjomba Hyde Park, London, tukasimama. Nilikosea. Tuliingia mchana, Stones wakapanda jioni, kiuno cha mjomba kimeshachoka, na mbele yetu ni migongo ya watu warefu tu. Jagger tulimwona kwenye skrini. Halafu mjomba akanung'unika usiku kucha kwamba bila Charlie Watts (mpiga ngoma wao, alifariki 2021) ngoma si zilezile, ingawa Steve Jordan, aliyeshika nafasi yake, mimi alinikosha.

Mkatie kiti, mkuu. Cha pembeni karibu na jukwaa ni bora kuliko cha katikati kule nyuma kabisa, ila soma kwanza kama wameandika kwamba nguzo au spika zinaziba. Na vizibo vya masikio usisahau.