Jibu: ile sinema bubu ya dada Mchina anayeosha vyombo London

Mkuu, unayoitafuta ni Piccadilly ya mwaka 1929, aliyoiongoza Mjerumani E. A. Dupont kule Uingereza. Huyo dada anaitwa Shosho, na ameigizwa na Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles, aliyehamia Ulaya baada ya kuchoshwa na nafasi alizokuwa akipewa Hollywood.

Umeuliza kwa nini Shosho na bosi wake Mzungu hawapigani busu. Walikaribia! Nyuso zinasogeleana, halafu picha inakatwa. Busu la namna hiyo halikuvumilika kwa wenye sinema wa enzi zile.

Ila mimi nakuomba urudie kipande cha baa. Mweusi mmoja anacheza na mama wa Kizungu, mwenye baa anawazuia, kelele zinaanza. Shosho na bosi wanatazama tu, kisha wanaondoka. Kila kitu kimesemwa hapo.

Muuaji wa Shosho, kama ulilala mwishoni, ni Jim, mpenzi wake Mchina, kwa wivu. Hapo ndipo waliponiudhi: lazima dada afe ili Wazungu wapumue? Hata hivyo, akipanda mezani jikoni kucheza na soksi yake iliyochanika, wengine wote wanasahaulika.