Jibu: Kriegsspiel na Planübung ni kitu kimoja?

Hapana mkuu, yote ni mazoezi ya vita ya Kijerumani yanayofanyika kwenye ramani, lakini ni vitu viwili tofauti. Kriegsspiel ina pande mbili zinazopingana, kila upande haujui mwenzake kapanga nini, na mwamuzi ndiye anayeamua nani kapata hasara. Luteni von Reisswitz aliiwasilisha kwa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya wakati huo, mwaka 1824, ikiwa na ramani za 1:8000 na dadu. Planübung haina mpinzani huru: mkufunzi anakupa hali, labda adui kavuka mto, unatoa amri papo hapo, kisha mnaijadili. Mimi naiamini zaidi ile ya kwanza, kwa sababu adui naye anafikiri. Hata hivyo meza ya ramani haimalizi ubishi. Koblenz, Ujerumani, Februari 1940, kwenye zoezi la ramani la kupanga kuivamia Ufaransa, Jenerali Guderian wa vikosi vya vifaru alipendekeza kuvuka mto Meuse pale Sedan, Ufaransa, siku ya tano ya uvamizi. Jenerali Halder, mnadhimu mkuu wa jeshi, akakataa katakata. Uvamizi wenyewe ulipofanyika Mei, Wajerumani walivuka siku ya nne.