Maswali ya Wasomaji: Mtumishi wa Umma Aongezwe?

Kila mwaka mshahara wangu unapanda kidogo, ila unaisha mapema kuliko zamani. Wakubwa wanasema tumeshaongezwa. Nani mkweli? (Karani wa masijala)

Huenda nyote. Kuna nyongeza mbili zinazochanganywa, wakati mwingine kwa makusudi. Ile ya kila mwaka ndani ya daraja inalipia uzoefu. Nyingine ni marekebisho ya viwango vyenyewe ili vifuate bei. Ukipata ya kwanza bila ya pili, unapanda ngazi inayozama.

Kwa hiyo usipime kwa mshahara wako binafsi; chukua kiwango cha kuanzia cha cheo chako. Tuseme miaka 5 iliyopita kilikuwa 400, leo ni 440. Kisha tafuta fahirisi ya bei za walaji (namba inayoonyesha bei za bidhaa na huduma zimepanda kiasi gani kwa jumla) inayotolewa na idara ya takwimu. Tuseme imetoka 100 hadi 125. Gawanya 440 kwa 1.25, unapata 352. Anayeajiriwa leo amepungukiwa asilimia 12 ya uwezo wa kununua.

Wengi hukosea hapa: wanatoa 10 kwenye 25 na kudai pengo ni asilimia 15. Mwajiri akiikosoa hesabu hiyo mezani, hoja nzima inachekwa. Kosa jingine ni kudai nyongeza ya asilimia 12. Ili kufidia, kiwango kifike 500 (yaani 400 mara 1.25), na kutoka 440 hadi 500 ni asilimia 13.6. Kwa pengo kama hilo, ndiyo, mnastahili.

Lakini watumishi wa umma wana ajira ya uhakika na pensheni, na kazi wanayofanya ni ileile ya zamani. Kwa nini walipwe zaidi? (Mlipa kodi)

Pensheni ihesabiwe, ni haki. Ila linganisha watu wa elimu, umri na majukumu yanayofanana. Wastani wa sekta nzima hupotosha, maana serikalini walimu na wauguzi wenye vyeti ni wengi.

Kuhusu kazi kuwa ileile, wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza hilo mwaka 1966 kwa mfano wa wanamuziki: wapigaji wanne hawawezi kuumaliza muziki uleule kwa nusu ya muda, ila mishahara yao lazima ifuate ya kwingine, la sivyo wataacha. Kufunga kidonda ni hivyohivyo.

Chama cha wafanyakazi kidai asilimia au kiasi kimoja kwa wote? (Mwakilishi tawini)

Asilimia 6 humpa wa 400 nyongeza ya 24, na wa 4,000 anapata 240. Ndiyo maana wa chini hunung'unika. Lakini kiasi sawa, kikirudiwa, hubana madaraja: ongeza 50 kila mwaka kwa wa 400 na msimamizi wake wa 600, baada ya miaka 4 ni 600 na 800. Msimamizi aliyezidi kwa nusu sasa anazidi kwa theluthi, na hakuna anayeutaka usimamizi.

Sisi tungedai mchanganyiko: asilimia 6, isipungue 40. Walio chini ya 667 hivi wanapata 40, waliobaki asilimia yao.

Tumeahidiwa posho badala ya mshahara. Tukubali? (Fundi sanifu)

Someni kanuni za pensheni kwanza. Kwa kawaida kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi, na posho huachwa nje. Pia posho hufutwa kwa waraka mmoja tu. Mkikubali, iandikwe tarehe ya kuingizwa kwenye mshahara wa msingi.