Maswali ya Wasomaji: Jina Liko Darasani, Mwenyewe Hayupo

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa kwanza chuoni na nusu ya masomo yake ni ya mtandaoni. Tulimnunulia simu nzuri, na bando hakosi. Kila kipindi anajiunga, lakini kamera imezimwa, hasemi neno, na kazi hukabidhi makataa yakiwa yamepita. Ni uvivu, au kuna jambo tulilosahau? – Mzazi, Kayole

JIBU: Mzazi, neno uvivu liweke kando kwanza. Simu na bando ni sehemu moja tu ya utayari, tena ndiyo nyepesi kwa kuwa inanunulika. Wanaopima utayari wa mwanafunzi wa mtandaoni huangalia pia kama anajiamini kutumia kompyuta na intaneti, kama anaweza kujipangia masomo, kujizuia asihamie kwenye video za burudani, kama ana hamu ya somo lenyewe, na kama anathubutu kuuliza mbele ya wenzake. Kijana aliyetoka shule ya bweni alizoea kengele na mwalimu wa zamu. Leo kengele ni yeye mwenyewe.

Mpime hivi, bila kumsaidia: aingie kwenye mfumo wa masomo wa chuo (vyuo vingi hutumia Moodle), apakue maelezo ya wiki hii, akuonyeshe makataa ya kazi inayofuata, kisha aandike swali moja kwenye ukumbi wa majadiliano. Akishindwa kuingia, shida ni ya ufundi na huisha kwa mchana mmoja. Akiingia lakini hajui darasa limefika wapi, hajajipangia: atenge dakika 45 siku ileile ya somo, arudie alichosikia na kuandika maswali mawili, simu ikiwa imezimwa arifa. Akigotea kwenye kuuliza tu, ni woga, na mara nyingi ni woga wa Kiingereza chake. Aanze kwa kumwandikia mhadhiri ujumbe wa faragha.

Kuhusu kazi kuchelewa, chunguza faili. Wengi hupiga picha daftari: kurasa 12, kila picha MB 4, jumla MB 48, wakati mfumo una kikomo chake. Upakiaji unakatika, anarudia, bando linakwisha. Atumie programu ya kuskani ya simu, kurasa zote ziwe PDF moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Itabaki MB chache tu. Na asome saa vizuri: makataa ya “Ijumaa 00:00” ni saa sita usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anayesubiri Ijumaa jioni amechelewa tayari. Tungeshauri apakie siku moja kabla, maana stima ya mtaani haijui makataa.

Kamera isikusumbue. Kikao cha video cha watu wengi kinaweza kula GB 1 au zaidi kwa saa. Sauti pekee haifiki MB 100. Ila kuzima kamera yake pekee hakutoshi, kwani bado anapokea picha za wengine. Achague hali ya sauti tu, na afungue video pale mhadhiri anapoonyesha michoro au hesabu.

SWALI: Nafundisha wanafunzi 60 mtandaoni. Nikiuliza “Mmeelewa?” ni kimya. Nifanyeje? – Mwalimu, Pangani

JIBU: Mwalimu, swali hilo halijibiki, aliyepotea hajui alipopotelea, na aliyeelewa haoni haja ya kusema. Toa hesabu au mfano mmoja kila baada ya dakika 10 hivi. Wote waandike jibu kwenye gumzo bila kutuma, uhesabu hadi 20, kisha useme “tumeni” ili watume kwa pamoja. Hakuna anayenakili, wala anayeaibika peke yake. Baadaye wagawe vikundi vya wanne. Kikiwa cha kumi, wawili watazungumza na wanane watasikiliza. Muhimu pia: waambie mapema kama kipindi kinarekodiwa, maana wengine hunyamaza kwa sababu hiyo tu.

SWALI: Naweza kumaliza diploma kwa simu pekee? – Msomaji, Umoja

JIBU: Kusikiliza na kusoma, ndiyo. Kuandika insha ya maneno 2,000 kwa kidole gumba ni mateso, na ndipo wengi huanza kukwepa kazi. Nunua kibodi ya Bluetooth uiunganishe na simu, au uandikie kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo. Kabla ya kujisajili, uliza kama mitihani hufanywa kwa programu inayotaka kompyuta. Baadhi ya programu hizo hazifunguki kwenye simu.